Chakula cha Mkwe Ndani ya Ndege

Jumatano asubuhi, jiko la Sellah pale Matisi, Kitale, lilijaa harufu ya kuku. Sellah alikuwa anamenya nduma. Mama mkwe wake, Nabwile, alikaa kwenye kigoda akikoroga sufuria kubwa ya uji wa wimbi. Hakuna aliyemwomba akoroge. Lakini Nabwile si mtu wa kukaa bure.

Nabwile alikuwa amefika siku iliyotangulia kutoka Lugulu, Bungoma. Ana miaka sitini na mbili. Ijumaa angepanda ndege kwa mara ya kwanza maishani. Binti yake, Nekesa, alikuwa anamaliza masomo ya uuguzi mjini Accra, nchi ya Ghana. Mahafali yalikuwa Jumatatu. Mume wa Nekesa, Khisa, ni mwalimu huko Bungoma. Yeye hangeweza kusafiri kwa sababu ya mitihani ya shule. Kwa hiyo alinunua tikiti moja, akamtumia mama mkwe wake.

Furaha ilikuwa kubwa, lakini hofu pia ilikuwepo. Nabwile ana ugonjwa wa sukari. Humeza dawa asubuhi na jioni. Akikaa muda mrefu bila kula, mikono hutetemeka na macho huona giza. Mwaka jana alianguka shambani akipalilia maharagwe. Sasa watu wa nyumba hiyo walikuwa na swali moja. Mama atakula nini njiani, ili afike Accra akiwa mzima?

Festus, mwana wa Nabwile na mume wa Sellah, aliingia jikoni.

"Mama, nimeuliza watu kazini," alisema. "Ati chai na mandazi pale uwanja wa ndege Nairobi ni bei ya kuku mzima."

Nabwile aliacha kukoroga. "Kuku mzima? Yule wa kutaga?"

"Huyo huyo."

"Basi nitafunga. Si kanisani tunafunga siku tatu? Hii ni siku moja tu."

"Na dawa?" Sellah aliuliza.

"Nitameza na maji."

Sellah aliweka kisu chini. "Mama, daktari alikukataza kumeza dawa hiyo bila kula. Ndiyo ilikuangusha shambani."

"Lakini ndani ya ndege watampatia chakula," Festus alisema. "Kiko ndani ya tikiti. Kimeshalipwa."

"Kimelipwa na nani?" Nabwile aliuliza.

"Na Khisa."

"Unaona sasa? Mimi siwezi kura chakula cha mkwe."

Nabwile hufuata desturi ya wazee wa kwao. Mama mkwe hali chakula cha mume wa binti yake mpaka mkwe huyo afanye sherehe na kuleta mbuzi. Khisa alikuwa bado hajaleta. Alikuwa amepanga kumleta Desemba. Na Nabwile akishika jambo, hata trekta haliwezi kumvuta.

"Hodi!" sauti iliita mlangoni. "Leo mnapiga kura hapa na mimi sijaitwa?"

Wote walicheka, hata Nabwile mwenyewe. Anajua vizuri kwamba mara nyingine ulimi wake hugeuza "kula" kuwa "kura".

Aliyeingia alikuwa jirani yao, Chepkirui. Alikuja kuomba chumvi. Chepkirui ana mkahawa mdogo hapo Matisi. Lakini kabla ya hapo alifanya kazi miaka minane Nairobi, katika jiko linalopika chakula cha ndege.

"Kumbe ndege inapikiwa chini?" Nabwile alishangaa. "Mimi nilijua wanapika huko juu."

"Tunapika chini, Mama. Maelfu ya sahani kila siku. Kila sahani inajulikana inaenda ndege gani. Huko juu wanapasha moto tu."

"Jamani!" Nabwile alisema.

Chepkirui aliona chupa mbili za chai mezani. "Na hizi ni za nini?"

"Moja ya uji, moja ya mchuzi wa kuku. Ni za njiani," Nabwile alijibu.

"Zitamwagwa mbele ya macho yako."

"Nani atathubutu kumwaga uji wangu?"

"Askari wa ukaguzi. Vitu vya majimaji havipiti, labda kichupa kidogo sana. Lakini chakula kikavu kinapita. Wengi hawajui hivyo, ndiyo maana wanafika huko na njaa na kununua chai ya bei ya kuku. Sellah, nipe beseni. Nitawaonyesha."

Chepkirui alimimina uji kidogo kwenye kopo. Akaligeuza juu ya beseni. Uji ulimwagika.

"Kikimwagika, kiache nyumbani," alisema.

Akatia nduma iliyochemshwa kwenye kopo, akageuza. Nduma ilianguka, pu!

"Imemwagika pia," Nabwile alisema.

"Hapana, Mama. Imeanguka. Kuanguka si kumwagika. Nduma utabeba."

Nabwile alichukua kopo la siagi ya njugu. Aliligeuza mwenyewe. Siagi haikusogea. "Haya! Hii hata kuanguka imekataa!"

"Lakini unaweza kuipaka kwenye mkate?"

"Ndiyo."

"Basi iache. Ya kupaka wanaihesabu pamoja na ya kumwagika. Beba njugu zenyewe, zilizokaangwa."

Sellah alileta daftari. Aliandika yote aliyosema Chepkirui. Kuku awe mkavu bila mchuzi, na aliwe kwanza, kabla hajaharibika. Mayai ya kuchemsha yafuate.

"Hayo mayai uyale nje," Chepkirui alisema. "Ukifungua mayai ndani ya ndege, watu watakuangalia vibaya. Beba na chupa tupu. Ukishapita ukaguzi, tafuta bomba la maji ya kunywa, ujaze bure. Dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi, na barua ya daktari. Peremende zikae mfukoni. Si za kula ovyo. Ni za siku mwili ukianza kutetemeka. Na usibaki na nyama au matunda ukishuka. Nchi nyingi hazikubali."

Kisha akamgeukia Festus. "Kuna chakula cha wagonjwa wa sukari ndani ya ndege. Hakiongezewi pesa, lakini lazima kiombwe mapema. Piga simu leo, usingoje kesho."

"Asijisumbue," Nabwile alisema. "Sitakura."

Chepkirui hakubishana naye. "Aombe tu, Mama. Kikibaki, kimebaki."

Festus alipiga simu siku hiyo hiyo.

Ijumaa asubuhi, ndege ndogo iliruka kutoka Kitale kwenda Nairobi. Nabwile alifumba macho na kuomba. Alipoyafumbua, aliona Mlima Elgon kando yake. Maisha yake yote alikuwa ameutazama mlima ule kutoka chini. Sasa aliona mgongo wake, na mabonde yake, na ukungu uliolala ndani ya mabonde. Mashamba ya mahindi ya Trans-Nzoia yalikuwa madogo kama viraka vya blanketi. Machozi yalimtoka. Hakuwa na huzuni. Ni kwamba hakujua kitu kingine cha kufanya.

Nairobi alihamia uwanja mkubwa wa ndege. Kwenye ukaguzi, askari alifungua kopo lake la chakula. Akaona kuku, nduma, mayai na njugu. Akalifunga.

"Safari njema, Mama," alisema.

Nabwile alijaza maji bure. Aliketi, akala kuku na nduma. Mbele yake kulikuwa na duka la chai. Alisoma bei ukutani, akaisoma tena, akaguguna mfupa wa kuku kwa furaha.

Kisha sauti ikatangaza kwamba ndege ya Accra ingechelewa kwa muda wa saa nne. Nabwile alikula mayai. Baadaye alikula nduma iliyobaki. Alipoingia ndani ya ndege, kopo lilikuwa tupu. Hata njugu zilikuwa zimekwisha.

Ndege ilipanda juu ya mawingu. Nabwile aliangalia ule weupe usio na mwisho, akanong'ona, "Mungu wangu." Lakini baada ya muda jasho lilianza kumtoka. Vidole vilitetemeka. Alitambua hali ile. Alitafuna peremende tatu haraka, na kutetemeka kukapungua. Lakini peremende si chakula, na safari ilikuwa bado ndefu.

Mhudumu wa ndege alikuja na sinia. Jina lake, Mukami, lilikuwa limeandikwa kifuani.

"Shosho, chakula chako," alisema, akimwita bibi kwa lugha ya kwao.

"Asante, mwanangu. Mimi sili."

"Lakini siwezi kumpatia mtu mwingine. Hiki ni chako wewe. Ona."

Juu ya sinia kulikuwa na karatasi ndogo nyeupe. Nabwile alivaa miwani. Kusoma alijifunza uzeeni, katika darasa la watu wazima kanisani, na bado husoma polepole akifuata kwa kidole. NABWILE TABITHA. 23C.

Alisoma mara ya pili. Mpishi fulani, ambaye hamjui wala hajawahi kumwona, alijua kwamba Nabwile wa Lugulu ana sukari. Alimpikia peke yake, akaandika jina lake. Na chakula kile kilikuwa kimempata juu ya mawingu, kwenye kiti chake, bila kupotea.

"Khisa hajaandikwa hapa?" aliuliza.

"Khisa ni nani?"

"Ni mkwe wangu."

Mukami alitabasamu. "Hapana, Shosho. Ni jina lako tu."

"Basi ni changu."

Nabwile alikula. Alikula samaki, mboga na wali kidogo, akameza dawa yake. Mikono ikatulia kabisa. Chakula kilikosa chumvi, lakini hakumwambia mtu.

Huko Accra, Nekesa alimkumbatia mama yake, kisha akampima sukari hapo hapo kwenye benchi. Ilikuwa saba, kiwango kizuri. Nekesa alilia na kucheka kwa pamoja. Alimpigia Khisa simu.

"Mwambie nimekula," Nabwile alisema kwa sauti, ili Khisa asikie. "Lakini Desemba alete ile mbuzi vile vile."

Pesa alizobeba kwa ajili ya chakula cha njiani zilikuwa bado zote mkobani. Jumamosi zilimnunulia Nekesa kitambaa cha rangi za dhahabu na kijani. Siku ya mahafali, Nekesa alikivaa ndani ya joho.

Ukumbi ulikuwa na watu wengi kuliko soko la Kitale siku ya mnada. Jina la Nekesa lilipoitwa, Nabwile alisimama. Alipiga vigelegele peke yake, mbele ya wageni asiowajua. Kisha akina mama wa Ghana, ambao hawakujua ametoka wapi, wakasimama mmoja mmoja wakapiga pamoja naye.