Glovu ya Kulia ya Clifford

Haya aliniambia jirani yangu Beryl huku akipaka mkate siagi, kama mtu anayesimulia habari za mvua. Beryl hana akili ya kutunga.

Alipomzika mumewe Clifford, alimvika glovu yake ya kulia ya ngozi, aliyokuwa ameishona kwa uzi mwekundu palipochanika. Ya kushoto akabaki nayo, akawa anaivaa. Tulimcheka sana hapa Shropshire, Uingereza.

Mwezi wa Januari akaidondosha kwenye bustani ya umma akimtembeza mbwa. Kwetu ukiokota glovu unaichomeka kwenye ncha ya uzio, mwenyewe aione. Basi akarudi jioni, giza limeshaingia, mlinzi wa bustani, Nigel, anagonga kengele ya kufunga lango.

"Harakisha, Bi Beryl, au utalala na bata."

"Bata hawakoromi kama marehemu."

Akapapasa vyuma vya uzio kimoja kimoja. Kengele ikanyamaza. Mbwa akakaa chini, akagoma kwenda. Ndipo vidole vya Beryl vikagusa ngozi. Akaivaa palepale mkono wa kushoto, ikakataa: kidole gumba kilikuwa upande mwingine.

Akaisogeza kwenye taa ya lango. Uzi mwekundu ulikuwepo.

"Na ndani," akaniambia, akikata mkate, "ilikuwa na joto."