Ngoma ya Kuwaamsha Wafu

Verna, jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, alikuwa amechoshwa na vita. Kila kiangazi mumewe Orrin alivaa koti la sufu katika jua kali, akaenda kwenye ngome ya zamani kando ya ziwa, kuwaigizia watalii jinsi askari wa kale walivyopigana na kufa. Daktari alishamwonya kuhusu moyo wake. Lakini sikio la kufa halisikii dawa.

"Leo nakufa mara ya mwisho," Orrin alitania wakishuka garini. "Kesho nakaa barazani na wewe."

"Basi ufe mapema, mzee wangu, ujilalie kivulini."

Ndivyo walivyofanya wazee wa mchezo ule. Bunduki zilipolia na moshi kutanda, Orrin alianguka chini ya ukuta. Kando yake alilala askari mmoja asiye na viatu. Verna alidhani ni mgeni kikosini.

Desturi yao, vita vikiisha hupigwa ngoma, na wafu wote husimama na kuvua kofia. Ikapigwa. Wakasimama. Watazamaji wakapiga makofi, wakaanza kuelekea kwenye vibanda vya soseji.

Orrin hakusimama. Yule wa miguu peku naye hakusimama.

Verna alikimbia. Mumewe alikuwa baridi, mdomo wazi. Mkono wa yule mtu ulikuwa juu ya kifua chake.

"Mwache," yule mtu alinong'ona. "Sote tumechoka. Ila sisi tuliokufa hapa kweli hatujapigiwa ngoma."

Verna alimrukia mpiga ngoma. "Piga tena, Clete!"

"Mama, si tumeshamaliza..."

Alimpokonya vijiti. Akapiga mwenyewe, akilia, hadi Orrin alipokohoa.

Alipogeuka, yule mtu hakuwepo. Nyasi alizolalia zilikuwa zikiinuka polepole.

Wauguzi walimpima Orrin, wakasema ni joto tu. Verna akampeleka nyumbani, akamvua buti, akamlaza. Alivyokuwa mzito, alihisi amebeba mlima.

Asubuhi alikuta matope sakafuni. Nyayo za miguu peku, wala si za mtu mmoja. Ziliingia mlangoni, zikapita jikoni, zikajipanga kukizunguka kitanda. Za kutoka hazikuwepo.

Orrin alikuwa macho, akitazama juu ya bega la mkewe.

"Waambie walale, Verna," alinong'ona. "Wamechoka."