Sauti ya Kisimani Kiwangwa

Kila alfajiri, baada ya swala, Mwajabu alijitwika mtungi akaenda kisimani. Kisima cha Kiwangwa kilikuwa ndani ya kichaka kinene, chenye kiza hata mchana. Siku hiyo alikuwa peke yake. Alipoinama kuteka maji, akasikia sauti juu ya kichwa chake: krrrrru! Kama mtu anayekoroma kwa hasira. Akatazama juu. Hakuna jani lililotikisika. Sauti ikalia tena, karibu zaidi. Mtungi ukamponyoka, ukavunjika, naye akatoka mbio.

"Mtungi uko wapi?" akauliza mama yake, Bi Somoe.

Mwajabu aliogopa kugombezwa. "Kuna jini kisimani, mama! Nimemwona kwa macho yangu. Mrefu, hana uso. Ndiye aliyeuvunja mtungi."

Kabla ya adhuhuri kijiji kizima kilikuwa na habari. Wanawake wakaanza kuteka maji kwenye dimbwi la kando ya njia, ambako wapagazi wa misafara iendayo Bagamoyo walioga na kunywesha punda wao. Baada ya siku sita watoto wakaanza kuharisha. Rajabu, mdogo wake Mwajabu, alilala mkekani, macho yamezama, hata kulia hawezi.

Mwajabu akamwendea shangazi yake, Ashura. "Shangazi, sikuona kitu," akasema kwa kwikwi. "Nilisikia tu."

"Basi kesho tutakwenda tukaone," akasema Ashura.

Kulipopambazuka walijibanza nyuma ya gogo, ukungu umetanda. Krrrrru! Mwajabu akamshika shangazi yake mkono. Ashura naye aliogopa, midomo ikisoma dua.

"Tazama," akanong'ona.

Kwenye kitawi alikaa ndege mdogo, hazidi ngumi ya mtoto, kifua kina michirizi. Akaruka, akazunguka duara dogo kana kwamba amefungwa uzi, manyoya meupe yakichomoza mgongoni. Mabawa yake ndiyo yaliyokoroma. Akarudi palepale, akatulia. Jirani yake alikuwapo jike, kimya, akimtazama. Dume akazunguka tena na tena, mpaka jike akasogea. Akampanda mara moja tu, mabawa yakipapatika, kisha wakapotelea majanini.

"Kumbe anaposa!" akasema Ashura.

Mwajabu hakucheka. Alijua lililobaki ni gumu kuliko kuja kichakani.

Siku hiyohiyo alisimama mbele ya wanawake dimbwini. "Nilisema uongo," akasema. "Sikuona jini. Mtungi niliuangusha mwenyewe."

"Mwanangu anaumwa kwa ajili ya mtungi?" akauliza Bi Somoe. Akamwaga maji ya dimbwi, akashika njia ya kisimani, wenzake wakamfuata.

Rajabu alichukua siku nyingi kupona. Jioni aliyoomba uji mwenyewe, Mwajabu alijificha nyuma ya nyumba akalia. Ashura akamkuta huko.

"Kuogopa si kosa, mwanangu," akamwambia. "Hata mimi niliogopa. Lakini ukisikia, sema umesikia. Usiseme umeona, maana watu watakuamini."