Kinasa Sauti cha Mtangazaji

Jumamosi ile duka la vifaa vya sauti lilifurika watu. Muuzaji, binti wa gauni la bluu lenye vifungo vya mbao, penseli kaichomeka kwenye nywele, alikuwa akihudumia wateja watatu kwa mpigo. Mara akasikia sauti nzito, tamu, ikiomba njia. Aliijua. Ndiyo iliyotangaza treni stesheni kila asubuhi akienda kazini.

"Kumbe una mwili," akamwambia. "Nilidhani wewe ni spika."

Mtangazaji alitaka kinasa sauti chenye rimoti, cha mtu kujirekodi akiwa kitandani. Muuzaji akamwelekeza taratibu: kipokezi, kidude mfano wa kifuniko cha kalamu, unakichomeka kwenye tundu la ubavuni, rimoti unaielekeza hapo, isikingwe na shuka, kisha unabonyeza kitufe chekundu.

"Nikikosea nikupigie simu, mwalimu?"

"Na usipokosea?"

"Nitakosea makusudi."

Akacheka mpaka penseli ikadondoka, na neno moja la maelekezo lililokuwa limebaki likampotea.

Mtangazaji alipiga kweli. Miezi miwili wakazungumza kila jioni, huyu akiitwa Mwalimu, yule Stesheni. Sauti ya Stesheni ilipoanza kukwaruza, alisema ni vumbi la reli. Kisha simu zikakatika. Binti wa watu akapiga mpaka akachoka, akajua ameachwa, akajiapiza kutomtaja tena.

Wiki ya tatu dada yake mtangazaji akaingia dukani na kinasa kile ndani ya bahasha. Kaka yake kamtuma, alisema, asikilize maneno yaliyomo. Muuzaji akakiweka sikioni palepale nyuma ya kaunta. Hamkuwa na kitu. Akakisukuma kilikotoka.

"Mwambie asinichezee. Kama ameniacha, aseme kwa mdomo wake."

"Mdomo anao, wifi. Sauti ndiyo wameitoa." Dada mtu akashika koo lake mwenyewe. "Uvimbe. Hakutaka ujue. Asubuhi ya upasuaji alizungumza na wewe humo nusu saa nzima. Nilikuwa mlangoni, taa nyekundu nikaiona ikipepesa."

Ikipepesa. Muuzaji akaegemea kaunta. Kitufe kile hubonyezwa mara mbili. Mara ya kwanza taa hupepesa, kinasa kinangoja tu. Mara ya pili hutulia, nacho kinaanza kunasa. Ndilo neno lililompotea alipocheka.

Akakichukua kinasa, akamkuta mtangazaji wodini ameketi, shati jeupe limefuliwa vizuri, bandeji shingoni. Akamweleza yote, bila kujitetea. Mtangazaji akafumba macho kwa muda mrefu, machozi yakapenya hivyo hivyo. Kisha akavuta daftari, akaandika, akamgeuzia.

Muuzaji akachukua rimoti iliyokuwa kando ya kitanda, akabonyeza mara mbili. Taa ilipotulia akasoma kwa sauti:

"Mwalimu, sikutaka uolewe na bubu, ndiyo maana nikanyamaza. Lakini ninayemtaka ni wewe. Utanikubali?"

Akaliweka daftari kitandani, akamsogelea.

"Nimekubali, Stesheni."

Walipokisikiliza, ilikuwa sauti ya mtu mmoja, ikijiposa na kujijibu. Kati ya swali na jibu ilisikika pumzi ya mtangazaji tu, ikipita kwenye tundu alilotobolewa shingoni. Muuzaji akakirudisha kinasa hapo kwenye pumzi, akaisikiliza tena, rimoti mkono mmoja, mkono wa pili katika mkono wa Stesheni.