Blessing Hakubemendwa

Kijijini Kalenga, mwezi wa saba, ukungu hupanda kutoka mtoni na kulala juu ya bustani za nyanya mpaka saa tatu asubuhi. Esta aliupenda wakati huo. Aliamka kabla ya wengine, akafagia uwanja, akamwagilia maua yake yaliyopandwa kwenye makopo ya rangi, kisha akawasha moto na kubandika uji.

Esta alikuwa na miaka ishirini na miwili. Mume wake, Zabron Kalinga, alilima nyanya na vitunguu kando ya mto. Waliishi na mama yake Zabron, Bibi Rozalia, mjane mwenye maneno machache na mikono isiyotulia. Walikuwa na binti mmoja, Blessing, mwenye miezi kumi na mitatu.

Nyumba yao ilikuwa safi. Viti vya sebuleni vilifunikwa vitambaa alivyodarizi Esta kwa mkono wake. Jumapili aliimba kwaya, sauti ya kwanza. Na chakula hakikukosekana. Mahindi yalikuwepo, maharage yalijaa kwenye magunia, kuku walitaga kila siku, na nyuma ya nyumba kulikuwa na miti miwili ya parachichi. Mpita njia angesema, nyumba hii imebarikiwa.

Lakini Blessing hakukua.

Mpaka miezi sita alikuwa mnene, mashavu yamejaa. Baada ya hapo alikuwa kama mtu aliyesimama katikati ya safari. Hakulia sana, hakucheza sana. Ukimkalisha mkekani asubuhi, mchana unamkuta palepale.

Jumapili moja, baada ya ibada, wanawake walisimama nje ya kanisa wakisalimiana. Anjela, mwenzake Esta wa kwaya, alimshusha mwanawe chini. Mtoto akapiga hatua tatu, akaanguka, akacheka. Wanawake wakapiga makofi.

"Huyu na Blessing si walizaliwa wiki moja?" mmoja aliuliza.

Kisha mwanamke mmoja nyuma akasema kwa sauti ya chini, lakini si ya chini vya kutosha:

"Yule kabemendwa. Hamuoni alivyosinyaa?"

Esta alilijua neno hilo. Kila mwanamke pale alilijua. Maana yake, baba na mama hawakujizuia wakati mtoto ananyonya, au baba ametoka nje ya ndoa, na kosa lao limemharibu mtoto. Ni neno la kumvua mtu nguo hadharani. Esta alimfunga Blessing mgongoni, akaondoka bila kuaga.

Bibi Rozalia naye alikuwa amesikia. Mchana huo, walipokaa kula, alinawa mikono lakini hakugusa ugali.

"Nimenyamaza siku nyingi," alisema. "Sasa niambieni. Ni nani kati yenu aliyemharibu mtoto?"

Zabron alirudisha tonge kwenye sahani. "Mama, maneno gani hayo?"

"Nauliza tu. Mtoto anaisha mbele ya macho yetu."

Zabron aliinuka, akaenda bustanini. Kuanzia siku hiyo alilala sebuleni, kwenye mkeka. Hakugombana na mke wake. Hakusema lolote, na huko kunyamaza kuliuma kuliko ugomvi. Esta naye akaanza kuzihesabu siku ambazo Zabron alienda Iringa mjini kuuza nyanya. Mbona juzi alichelewa kurudi? Alikuwa na nani? Mawazo kama hayo hayakuwahi kumjia tangu waoane.

Akaamua kufunga na kuomba. Kila Jumatano na Ijumaa hakutia kitu kinywani mpaka jioni. Wiki ya pili akaongeza Jumatatu. "Bwana," aliomba, "kama kosa ni langu, niadhibu mimi, mtoto umwache."

Wiki ya tatu Bibi Rozalia alimwita jikoni.

"Ijumaa tutampeleka kwa mzee mmoja ng'ambo ya mto. Ana dawa ya watoto kama hawa. Na ziwa umwachishe. Maziwa yako yameshaharibika."

"Sawa, mama," Esta alisema. Lakini alimkumbatia Blessing kifuani. Maziwa ndicho kitu pekee ambacho Blessing alikipokea kwa furaha.

Ilikuwa Jumatano. Esta alienda bustanini kuchuma mboga ya mnafu, Blessing akiwa mgongoni. Alipoinama, dunia ikazunguka. Alishika mti wa kuegemeza nyanya, ukang'oka. Akajikuta amekaa chini kwenye tope.

"Esta! Weee, Esta!"

Alikuwa Faustina, jirani yao wa nyumba ya tatu. Faustina alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji. Kila mtu alimfahamu kwa mkoba wake wa bluu na kwa kuingia nyumba za watu akiuliza maswali. Alimfungua Blessing, akamkalisha Esta vizuri.

"Umekula nini leo?"

"Nimefunga, dada."

"Unanyonyesha, halafu umefunga?"

"Namwombea mwanangu." Esta akaanza kulia. Akaeleza yote: neno la pale kanisani, mkeka wa sebuleni, mzee wa ng'ambo ya mto.

Faustina hakucheka wala hakukemea. Alikaa kwenye tuta.

"Mimi ni Mkatoliki, nasali rozari kila siku. Siwezi kukuambia uache kuomba. Lakini mama anayenyonyesha anatakiwa kula kuliko mtu mwingine hapo nyumbani. Wewe omba, mdogo wangu. Omba ukiwa umekula. Kadi ya kliniki ya Blessing iko wapi?"

Esta aliinamisha kichwa. "Sijaenda kliniki miezi minne. Wanampima mbele za watu. Naona aibu."

"Kesho tunaenda wote."

Kesho yake walikwenda zahanati. Muuguzi alimpima Blessing uzito. Alama kwenye kadi ilikuwa imetoka kwenye rangi ya kijani, imeingia kwenye kijivu. Akamlaza kwenye ubao wa kupimia urefu. Blessing alikuwa mfupi kuliko umri wake. Wakampima malaria na damu, wakamsikiliza kifua. Hawakuona ugonjwa. Wakampa dawa ya minyoo na matone ya vitamini A.

"Haumwi," muuguzi alisema. "Ila hakui. Tuangalie anavyokula."

"Hilo niachieni mimi," Faustina akasema. "Naenda naye mpaka jikoni."

Walimkuta Bibi Rozalia uwanjani akipepeta maharage ya kuuza. Zabron alikuwa anarekebisha matenga ya nyanya.

"Kamwene, mama," Faustina alisalimia.

"Kamwene. Karibu."

"Nimekuja kumwona Mama Blessing akipika uji. Nanyi mkae hapa, tuongee pamoja."

Esta aliona aibu, lakini alipika kama alivyopika kila siku: unga wa sembe, maji mengi, sukari. Faustina alichota kijiko, akakiinamisha. Uji ulimwagika wote kama maji.

"Anakunywa huu mara ngapi?"

"Asubuhi na jioni. Mchana anakula ugali kidogo na mchuzi wa maharage."

"Mchuzi, au maharage yenyewe?"

"Mchuzi. Maharage yatamjaza gesi."

"Mayai je?"

Bibi Rozalia akadakia, "Mtoto hapewi yai kabla hajaongea. Atachelewa kusema."

"Na parachichi?"

"Wanakuja kununua wenye magari," Zabron alijibu. "Na mayai yanaenda dukani."

Faustina alitazama magunia ya maharage. Akatazama kuku, kisha miti miwili. Alimchukua Blessing, akakunja ngumi yake ndogo.

"Tumbo la mtoto huyu halizidi sana ngumi hii. Ukilijaza uji mwepesi, atanyamaza. Mtasema ameshiba. Kweli ameshiba, lakini ameshiba maji. Kwenye uji huu kuna nafaka na sukari tu. Kitu cha kumjengea mwili hakimo. Cha kumjengea mwili kiko kwenye lile gunia, na chini ya yule kuku. Mnacho, ila mnakiuza chote."

Zabron aliweka chini tenga.

"Mtoto akifika miezi sita, maziwa ya mama peke yake hayatoshi," Faustina aliendelea. "Anaendelea kunyonya mpaka miaka miwili au zaidi, lakini anahitaji na chakula. Na chakula kiwe cha namna nyingi. Nafaka au viazi. Maharage au karanga. Yai, dagaa, maziwa au nyama. Mboga za majani. Matunda. Na mafuta kidogo."

"Tutavipata vyote kila siku?" Esta aliuliza.

"Vingapi havipo hapa nyumbani?"

Esta alifikiri. Akatabasamu kidogo, mara ya kwanza kwa siku nyingi. "Dagaa tu, na mafuta. Navyo dukani vipo."

Wakapika upya. Esta alichukua unga wa dona, akapika uji mzito unaokaa kwenye kijiko. Akatia karanga zilizotwangwa laini kabisa. Maharage yaliyoiva aliyaponda na maganda yake. Akakatakata mnafu, akaupika kidogo tu, akaongeza mafuta kijiko kimoja. Yai lilichemshwa mpaka likaiva kabisa.

"Ana bakuli lake?" Faustina aliuliza.

"Anakula na sisi."

"Mpe lake, ujue amekula kiasi gani. Umri huu ale mara tatu au nne kwa siku, na katikati umpe tunda. Unawe mikono kwa sabuni, naye umnawishe. Na usimlazimishe. Kaa naye, ongea naye."

Bibi Rozalia alikuwa akisikiliza muda wote bila kuacha kupepeta. Sasa akasema, "Maneno yako mazuri. Lakini hujasema habari ya kubemenda. Maziwa ya huyu yameharibika."

"Mama, maziwa hayaharibiwi na mume na mke kuwa pamoja. Mwilini hakuna njia ya hilo kutokea." Faustina alisogea karibu naye. "Lakini wazee hawakuwa wajinga. Waliona mama akipata mimba mapema, mtoto wa kwanza ananyong'onyea. Waliona kweli, ila sababu wakaikosea. Mtoto yule aliachishwa ziwa ghafla, akapewa uji mtupu. Njaa ndiyo iliyomharibu. Ndiyo maana tunawaambia wazazi wapange uzazi, wamlee mmoja vizuri kwanza."

Ungo ulisimama mikononi mwa Bibi Rozalia.

"Eliezeri alikuwa na miezi kumi na sita," alisema.

Zabron aligeuka. "Eliezeri nani, mama?"

"Kaka yako."

Zabron hakuwahi kusikia jina hilo.

"Nilikuwa na mimba yako," mama yake alisema. Sauti yake ilikuwa kavu. "Wakasema nimwachishe ziwa siku ileile. Tukampa uji. Akaisha, akaisha. Kisha akaharisha siku mbili tu. Ndugu wa baba yako walisema nimemuua kwa tamaa zangu. Siku ya kumzika waliniambia, wewe usilie, umeyataka mwenyewe. Sikulia. Mpaka leo sijalia." Alimtazama Faustina. "Hebu niambie. Si mimi?"

Faustina alichuchumaa mbele yake.

"Sikumwona mtoto, mama. Lakini jambo moja nalijua. Kulala na mume wako hakukumuua. Hapana. Si wewe."

Bibi Rozalia aliweka ungo chini. Akajifunika uso kwa khanga, akalia kama mtu aliyefiwa asubuhi hiyo. Zabron alikaa chini kando yake, akamshika mkono. Esta naye akaja, akamkumbatia mama mkwe wake mabegani. Blessing, bakuli likiwa mbele yake, alichovya kidole kwenye uji mzito na kukitia mdomoni.

Ijumaa hawakuvuka mto. Jioni hiyo Zabron aliukunja mkeka wa sebuleni.

"Ulifikiri nina mtu mjini?" alimuuliza mke wake.

"Nilifikiri," Esta alisema. "Nisamehe."

"Na mimi nilikuacha peke yako. Nilitakiwa kusema neno, nikanyamaza. Nisamehe na mimi."

Wiki za mwanzo hazikuwa rahisi. Blessing alitema maharage. Aligeuza uso kwenye yai. Aliyekuwa na subira kuliko wote ni Bibi Rozalia. Alikaa naye mkekani, akimwimbia Kihehe, kijiko kimoja, kingine, mpaka bakuli likaisha. Zabron alipeleka dukani mayai machache, mengine yakabaki. Esta alikula mchana na jioni akashiba, na sala zake hazikupungua.

Kila mwezi walikwenda kliniki. Mwezi wa nane mstari kwenye kadi haukushuka. Mwezi wa tisa ulianza kupanda. Mwezi wa kumi ukarudi kwenye kijani.

"Urefu utachukua muda," muuguzi aliwaambia bila kuwaficha. "Huenda asiufikie wote. Lakini ameanza kukua tena, na bado hajafikisha miaka miwili. Siku hizi ni za thamani, msizipoteze."

Mvua za kwanza ziliponyesha, Blessing alisimama kwa kushika ndoo. Aliiachia, akatembea mpaka kwa bibi yake.

Alhamisi moja wanawake wa mtaa walikutana kanisani kwa maombi. Mwishoni mwinjilisti aliuliza kama kuna mwenye ushuhuda. Bibi Rozalia, ambaye hakuwahi kusema mbele ya watu, alisimama.

"Bwana Yesu asifiwe."

"Amina."

"Nilikuwa na mtoto wa kwanza. Jina lake Eliezeri. Sijalitaja jina hili miaka mingi, kwa sababu niliambiwa nilimbemenda. Nami nikamwambia mkwe wangu neno hilohilo, nusura livunje nyumba ya mwanangu. Wanangu, mtoto akisinyaa, msimtazame mama yake vibaya. Tazameni bakuli la mtoto. Nendeni zahanati. Hilo tu."

Alikaa. Esta alimshika mkono. Kisha binti mmoja wa benchi la nyuma, mwenye mtoto mdogo kifuani, alinyoosha kidole taratibu kama yuko shuleni.

"Bibi," aliuliza, "huo uji mzito, mnaupikaje?"

Bibi Rozalia alitazama huku na huku. Akajifunga khanga vizuri kiunoni.

"Twendeni nyumbani," alisema. "Ukiambiwa utasahau. Njoo uone."