Tusekile Alipolirudia Somo Alilofaulu

Uligeuza uso, usikatae. Ulimwona Tusekile amesimama mbele ya Pimamwendo, pale kwenye ukumbi wa chuo cha uuguzi, ukajitia kutazama roboti zinazofagia. Mwaka jana ulifanya vivyo hivyo kwa mwingine.

Pimamwendo ni nguzo ya kioo. Hukumulika usoni, ikasoma masomo yako yote ya muhula, na kabla hujapepesa macho bumu lako, ile fedha ya kujikimu, limeshaingia au limeshakatwa. Wameipa sauti ya bibi, ili ikikuumiza uone haya kupiga kelele.

"Mwanangu," ilisema, "Hesabu za Dawa ulishafaulu. Somo ulilofaulu ukilirudia halihesabiwi. Yaliyobaki hayatoshi kukufanya mwanafunzi kamili. Bumu limesimama."

"Nilifaulu kwa kuponea chupuchupu, bibi."

"Kufaulu ni kufaulu."

Tusekile alikuwa anamwona akilini mtoto mmoja wa wodi aliyofanyia mazoezi, alivyotetemeka kwa degedege siku mtandao ulipokatika na roboti muuguzi ikanyamaza kimya. Yeye alishika bomba la sindano, kipimo kikampotea kichwani. Daktari aliwahi mbio, mtoto akapona. Lakini mama mtu hakujua. Alimshukuru Tusekile kwa machozi, akambusu viganja. Shukrani ile ndiyo iliyomrudisha darasani.

"Na kama ningefeli?"

"Ungelipwa, mwanangu."

Kisha nguzo ikamwonyesha njia: aache Hesabu za Dawa, achukue Mapambo ya Wodi. Somo jepesi, hakuna anayelifeli.

Bwenini, Kabula, mwenzake wa chumba, alikuwa anasonga ugali. Alisikiliza mpaka mwisho, mwiko ukasimama.

"Chukua Mapambo basi! Mtoto akishikwa na degedege utamfunga utepe."

"Usinitanie, we Kabula. Bila bumu kitanda wananinyang'anya wiki hii."

"Nitakubeba. Kitanda changu chembamba na wewe unarusha mateke kama punda, ila nitakubeba. Tutakula sahani moja." Akamnyooshea mwiko. "Nyama naanza mimi."

Tusekile akacheka, kicheko kikamgeukia machozi. Akarudi ukumbini, akagusa jina la Hesabu za Dawa kwenye kioo. Nguzo ikawaka nyekundu.

Sasa wanalala mzungu wa nne, kichwa cha huyu miguuni pa yule, Tusekile akigawanya dawa kwa kilo za watoto asiowajua mpaka usingizi umchukue. Kabula anasema ameshiba. Hajashiba. Sahani yake ndiyo iliyokatwa nusu, na Pimamwendo haina jicho la kuiona njaa ya mtu aliyembeba mwenzake.

Kanuni hiyo haikushuka na mvua; watu waliiandika, watu wataifuta. Baraza la chuo linakaa asubuhi hii, na raia yeyote ana haki ya kuingia na kusema. Haya, inuka. Kawaambie anayerudi kujifunza kuokoa mtoto asinyimwe chakula. Acha hiyo chai. Nenda sasa hivi.