Mstari wa Nne

"Mgeni kaingia jikoni. Okoa chungu."

Redio ya Motorola ikanyamaza. Kachero Msumari hakuhitaji kutafsiriwa. Wauza silaha walikuwa wameshaingia hospitalini, na kaka yake alikuwa anauawa.

Akazivamia ngazi mbili mbili, bastola ya Glock mkononi.

Kaka yake, ofisa wa forodha, ndiye shahidi pekee aliyebaki dhidi ya genge hilo. Alilazwa chumba cha peke yake juu, tundu la risasi kifuani, akiishi kwa oksijeni ya bomba. Mitungi ya akiba ilikutwa mitupu asubuhi hiyo. Mtu aliifungulia makusudi.

Msumari akaupiga teke mlango wa chumba cha mitambo, ambako kompyuta moja iliendesha hewa ya mabomba yote.

"Dada, mbona unavunja mlango? Ulikuwa wazi," alisema fundi wa kompyuta, kikombe cha chai mkononi.

"Oksijeni ya juu inashuka!"

"Haishuki. Angalia skrini. Kijani tupu."

Redio ikakoroma. Alikuwa muuguzi. "Midomo inageuka bluu! Fanyeni haraka jamani!"

Skrini ilikuwa inadanganya.

Msumari akamsukuma fundi, akakaa, akafungua orodha ya mifumo ya kuwashia kompyuta. Mistari minne, yote jina moja: Windows 10.

"Minne ya nini?"

"Mabaki hayo. Kila nikiweka mfumo mpya, wa zamani nauacha. Huwezi jua." Fundi akajikuna kichwa. "Lakini ilikuwa mitatu."

Msumari akauchagua mstari wa tatu, uliowekewa alama kwamba ndio unaotumika sasa, akabonyeza kufuta.

Kitufe kikagoma.

Mfumo haukubali kufutwa ukiwa ndani yake. Walikuwa wamekaa sebuleni kwa adui, wanakunywa chai.

"Asubuhi uliwasha vipi?"

"Kama siku zote. Mshale chini mara mbili, Enter. Vidole vinajua njia, hata sitazami."

"Na wao walikuona! Wamepachika mfumo wao pale pale kidole chako kinapotua. Wako wakausukuma chini."

Fundi akaweka kikombe. Chai ilimwagika, hakuiona.

Njia ilikuwa moja: kuzima na kuwasha upya. Na mashine ikizimwa, hewa inakatika kabisa.

"Sista, nazima. Mpulizie kwa mkono."

"Unazima? Una wazimu wewe?"

"Puliza!"

Akazima. Mabomba yakanyamaza ukutani. Msumari alishawahi kuning'inia nje ya dirisha la ghorofa bila jasho kumtoka. Sasa kidole chake kilikikosa kitufe cha kuwashia, akabonyeza tena. Kama amekosea, amemuua kaka yake kwa mikono yake mwenyewe.

"Fungua basi," aliinong'oneza kompyuta. "Fungua, nakuomba."

Mlango ukafunguka kabla yake.

Mwanamume mwenye ovaroli ya usafi, bastola yenye kiziba sauti. Fundi akazama chini ya meza.

Skrini ikawaka. Mistari minne. Sekunde zikaanza kuhesabu kurudi nyuma.

Mkono wa kushoto Glock, wa kulia kibodi.

Chini.

Risasi ikapasua kikombe.

Chini.

Msumari akafyatua. Mwanamume akayumba, akainua tena bastola.

Chini.

Akafyatua mara ya pili. Bastola ya adui ikaanguka sakafuni, mwenyewe akaifuata akishika bega.

Enter.

Mabomba yakakohoa, yakaanza kuvuma.

Aliipiga ile bastola teke hadi kwenye kona, akamfunga yule mwanamume pingu, akarudi kwenye orodha. Safari hii kitufe kilitii. Futa. Futa. Futa.

"Hata ule wa mwanzo kabisa?" fundi aliuliza kutoka chini ya meza.

"Hata huo."

"Nilikuwa nimeuzoea."

Msumari alikuwa ameishika redio kwa mikono miwili, haisemi kitu. Alitaka kuita, akaogopa jibu.

"Sista?" hatimaye sauti ikamtoka. "Sista, niambie."

"Rangi imerudi. Kafumbua macho." Muuguzi alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. "Kakasirika huyo. Anataka kujua ni nani aliyemkatia hewa."

Msumari akachomeka Glock kiunoni, akamruka mtu wa ovaroli, akatoka.

"Mwambie ni dada yake."